Shukia Gulioni

Handeni, Oktoba 1974

Kaka Mdoe, shikamoo.

Huku kijiji kipya tunazoea, ila maji ni mbali. Mbuzi wako amezaa mapacha.

Gulio letu la Jumamosi lilikufa tulipohamishwa. Mama hakukubali. Kila Jumamosi alirudi kulekule, akatandika mkeka wake wa ugoro mahali pasipo na mtu. Nikimkataza ananijibu, "Mdoe akija na basi kutoka Korogwe atashuka hapa. Atamkuta nani?"

Nawe ulisema unakuja tangu masika.

Jumamosi iliyopita hakurudi nyumbani. Tulimkuta ameegemea kigogo, ugoro wote umepeperushwa na upepo. Tumemzika palepale.

Kondakta atakuambia watu wamehamia mbele. Usimsikilize. Wewe shukia gulioni, kama zamani. Utamkuta.

Mdogo wako,
Mwaija