Mpishi Anayeonja Akiwa Amekaa

Tarehe 6 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani. Mimi ni mzima. Wifi yako anakusalimu na anauliza kama ile mashine ya kusafisha damu bado inakuchosha, au mmeshazoeana.

Majibu yangu yametoka. Damu yangu na yako zinapatana kabisa. Nikamwambia daktari pale pale, chukua basi, figo ninazo mbili na sijawahi kuzitumia kwa jambo la maana. Akacheka, kisha akanipandisha kwenye mizani. Kicheko kikaisha. Kilo mia na kumi na nane! Anasema mtu wa uzito huu hawezi kutolewa figo, ile inayobaki itaelemewa, tena sukari yangu imeanza kuchungulia. Nishuke hadi tisini na kitu ndipo tuzungumze.

Basi usiwe na wasiwasi. Kuanzia kesho sili. Maji ya moto asubuhi, tango jioni. Ukisikia njaa imemuua mpishi wa kantini ya kiwanda, ujue amekufa kishujaa. Wewe jikaze hapo, figo inakuja.

Kaka yako

Tarehe 20 Februari

Kaka yangu, shikamoo,

Nakuandikia kwa mkono mmoja, wa pili uko kwenye mashine. Hali yangu ni ile ile. Mara tatu kwa wiki nalala hapa, damu inatoka kwa mrija huu na kurudi kwa mrija ule. Siku zinazobaki nafundisha hesabu kama kawaida na kuwagombeza watoto wa watu. Ndiyo maana nakuomba barua na si simu. Simu ukishakata imekwisha, barua naisoma hapa kitandani mpaka naijua kwa moyo.

Nimefurahi sana kuhusu damu. Nimelia pia, sikufichi. Lakini hilo la tango sikubali. Mimi najua kunyimwa, kaka. Maji napimiwa kwa kikombe, chumvi marufuku, ndizi marufuku. Juzi nimeota naogelea kwenye jagi la juisi. Mtu aliyenyimwa kila kitu kwa mpigo mmoja hana amani hata usingizini, na wewe njaa huiwezi. Wewe ndiye uliyelia kwenye msiba wa babu, watu wakasema maskini alimpenda sana babu yake, kumbe chakula kimechelewa.

Punguza taratibu. Nipo, siendi popote.

Mdogo wako

Tarehe 2 Mei

Mdogo wangu,

Kimya changu usikihesabu kuwa ni dharau, ni aibu. Hapa kwetu sote tu wazima, aliyeharibikiwa ni mimi peke yangu.

Lile tango limenishinda. Nilishuka kilo saba haraka haraka nikajiona mfalme. Kisha siku moja kizunguzungu kikanichukua mbele ya sufuria la wali. Wapakuaji watatu wakanibeba, wote wakilalamika mgongo. Jioni ile nilimaliza mkate mzima nimesimama mbele ya kabati, hata mlango sijaufunga. Mwezi ulipokwisha kilo saba zilikuwa zimerudi, na zimekuja na mgeni.

Hospitali wamenipeleka kwa mshauri, mama mmoja mpole mwenye miwani, mtaalamu wa tiba ya tabia. Nilidhani atanipa dawa, kanipa kalamu. Kila kinachopita mdomoni nikiandike pamoja na kalori zake, na pembeni niandike nilikuwa wapi, na nani, na moyo ulikuwaje. Nikamwambia, mama, moyo wa mpishi utakuwaje, uko kwenye vitunguu. Kasema andika hivyo hivyo. Anasema hana ugomvi na tumbo langu. Anachotaka kujua ni jinsi mkono wangu unavyokwenda kwenye chakula bila mimi kuutuma.

Nakutumia nakala ya wiki mbili. Wewe ni mwalimu wa hesabu, nikague. Nimeandika kila kitu na uzito umegoma kushuka. Mimi nadhani mizani yao ni mbovu.

Kaka yako

Tarehe 15 Mei

Kaka yangu, shikamoo, na wifi umpe salamu zangu,

Nimejumlisha mara mbili. Kwa hesabu hizi sasa hivi ungekuwa mwembamba kama kamba ya viatu. Nilimwonyesha nesi, naye akasema huyu anakula kama ndege. Kisha akauliza, kwani anafanya kazi gani? Nikamwambia ni mpishi. Tukatazamana, tukacheka mpaka mashine ikaanza kupiga kelele na daktari akaja mbio.

Hebu niambie, kaka. Mchuzi wa kiwanda kizima, chumvi unaijua kwa kuutazama? Umeandika chai, chakula cha mchana, chakula cha usiku. Mwiko wa kuonja uko wapi? Ukoko wa wali je? Na kile kipande cha nyama cha "ngoja nione kama imeiva"? Najua hunidanganyi. Kwako kuonja si kula, ni kazi. Lakini tumbo halijui kwamba uko kazini.

Mimi naendelea. Nimechoka zaidi kidogo kuliko mwezi uliopita, ila usianze kuchanganyikiwa.

Mdogo wako

Tarehe 8 Julai

Marahaba, mwalimu,

Umenishika pabaya. Mshauri alipoisoma barua yako alisema huyu dada aajiriwe. Akaniagiza nionje kama kawaida siku moja nzima na kuandika kila mwiko. Kufika wakati wa kupakua nilikuwa nimeshakula mlo mzima na nusu ya mwingine, na chakula changu cha mchana bado kinanisubiri. Nilitaka kulia.

Nikaacha kabisa kuonja. Supu ikatoka na chumvi mara mbili, mafundi wa mitambo wakaja dirishani na mabakuli yao wakiuliza kama nimewachoka. Ndipo mshauri akanipa sheria moja: kitu chochote kisiingie mdomoni nikiwa nimesimama. Nionje, lakini nikae kwanza, nitumie kijiko cha chai, niandike, ndipo niinuke. Nimenunua kigoda nimekiweka karibu na jiko. Mdogo wangu, kukaa na kuinuka kwa mwili huu ni adhabu! Siku ya kwanza magoti yaliomba talaka. Baada ya siku chache nikaanza kujiuliza, kwani maharage lazima niyaonje kila nikipita? Siku hizi naonja mwishoni tu. Wapakuaji wananiita Mheshimiwa, eti mchuzi ndio unaokuja kwangu.

Jambo jingine tuliliona kwenye maandishi yangu. Nakula zaidi wakati wa kuosha masufuria, watu wakishaondoka na jikoni kumekuwa kimya. Haikuwa njaa, ulikuwa upweke tu. Sasa mabaki yanafunikwa na kuondolewa kabla sijagusa sabuni, na redio inafunguliwa kwa sauti.

Nimefika kilo mia na nane. Zinatoka kwa mwendo wa jongoo, lakini hazirudi. Figo yako iko safarini.

Kaka yako

Tarehe 19 Septemba

Kaka yangu, shikamoo. Natumai barua hii imekukuta mzima, na imekukuta umekaa.

Binamu yetu fundi redio amekuja. Ndiyo, yule yule ambaye hata bisibisi hamwazimi mtu. Aliingia wodini kofia mkononi, akasema amepimwa kimyakimya na damu imekubali, na kwamba yeye hana uzito wa kupunguza. Nikamwambia kaka yangu anajiandaa. Akasema, "Mwache ajiandae. Wewe ndiye usiyeweza kungoja." Nilikuficha, kaka. Moyo wangu umeanza kuchoka na mashine, na daktari anasema tusisubiri tena. Wanatupasua mwezi ujao.

Sijui nikuambieje. Kila ulipokaa kwenye kigoda kile ulikaa kwa ajili yangu. Nijibu tafadhali.

Mdogo wako

Tarehe 24 Novemba

Kaka, shikamoo,

Hii ni barua ya pili bila jibu. Wifi ameniambia kwamba u mzima na kwamba hutaki kuulizwa.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Nimekunywa maji, kaka. Glasi nzima, mbele ya watu, na hakuna aliyenikataza. Nililia glasi ikiwa bado mdomoni. Binamu anatembea, na tayari anawagombeza manesi kwa kuwasha taa mchana.

Kama umekasirika, sema tugombane. Kimya chako kinaniuma kuliko mshono.

Mdogo wako

Tarehe 10 Desemba

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba, na pole, na hongera, zote kwa pamoja.

Sikukukasirikia wewe. Nilimwonea wivu binamu. Miezi yote ile nilijiona nimebeba kitu chako nakuletea, halafu mwingine akapita njia ya mkato akakupa chake. Nilifurahi kwamba umepona na nikaumia kwamba si mimi. Basi kalamu nikaitupa, kigoda nikampa mlinzi wa geti. Nikarudi kula nimesimama, na wala sikusikia ladha.

Mshauri alinipigia simu sikupokea. Siku moja nainua macho dirishani, yuko kwenye foleni ya chakula na sahani yake! Nilidhani atanisuta. Akauliza tu, "Ukiiweka figo kando, kuna kilichobadilika kwako tangu tuanze?" Nikataka kusema hakuna. Kisha nikakumbuka kwamba soksi navaa mwenyewe, na wifi yako alikuwa ananivalisha miaka yote. Stoo napanda ngazi moja kwa moja, zamani nilisimama katikati nikijifanya natafuta funguo. Sukari imerudi mahali pake. Na upishi wangu umekuwa mzuri, sijisifu, uliza kiwandani. Nikionja nimetulia nasikia kila kiungo.

Nikaona kumbe haya yote ni yangu, hakuna binamu wa kuja kuyachukua. Nimemnyang'anya mlinzi kigoda. Kilo nne zilikuwa zimerudi, mbili zimeshaondoka tena. Mwambie binamu namshukuru kwa moyo wangu wote. Wivu wenyewe utapungua polepole, nimeshazoea mambo ya kupungua polepole.

Kaka yako

Tarehe 3 Aprili

Kaka yangu, shikamoo,

Mimi na figo yangu hatujambo. Ila nina shida na nakuletea wewe kwanza.

Vidonge vya kuufanya mwili uipokee figo vinanipa njaa ambayo sijawahi kuiona. Uso umekuwa mviringo kama sahani, na watoto darasani wananiangalia wakitabasamu. Daktari anasema nikiendelea kunenepa hivi figo ya binamu itaelemewa, na sukari itanipata mimi. Nikasema jambo dogo, mimi si mwalimu wa hesabu? Kalori napiga kwa kichwa tu. Basi kila siku najumlisha vizuri sana mpaka saa kumi jioni, nikifika nyumbani nakula kila kilichopo nikiwa bado na mkoba begani. Hesabu naijua, kaka. Mkono ndio haunisikilizi.

Nafasi kwa mshauri wa hapa ni mpaka miezi mitatu ijayo. Naogopa kungoja. Nataka figo hii idumu, nataka tuzeeke mimi na wewe tukigombana. Ninayemjua aliyeanguka katika jambo hili akaanza tena ni wewe peke yako. Nisaidie.

Mdogo wako

Tarehe 12 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeisomea jikoni, nikatoka nje nikalia nyuma ya mapipa. Wapakuaji walidhani ni vitunguu. Mwaka mzima nilitaka kukupa kitu kutoka mwilini mwangu nikaambiwa sina kinachofaa. Kumbe ninacho.

Sikiliza basi. Wiki ya kwanza usipunguze chochote. Kula unavyokula, ila andika ni nini, ni kiasi gani, uko wapi, na moyo ukoje. Hata ukimpokonya mwanafunzi biskuti, iandike. Siku ikiharibika andika na hiyo, kesho yake endelea kama hakuna kilichotokea. Usijitukane kwenye karatasi, matusi nitayafuta. Hiyo saa kumi jioni tutaivizia pamoja mpaka tujue inakutakia nini.

Nitumie kila wiki. Nitakagua kwa makini na sitacheka. Nitacheka kidogo.

Tena usingoje kesho. Chukua kalamu sasa hivi, mdogo wangu, uniambie: tangu asubuhi umekula nini?

Kaka yako