Disketi Yenye Jina Lako

Soko la Keumbu,
Kisii.
15 Novemba 1998

Mpendwa Shemeji Abner,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mguu unaendeleaje? Ulisema baridi ya Minnesota inauingia hadi mfupani. Vaa soksi mbili, usione haya. Sisi hapa tunapumua. Watoto wamefunga shule, Mama anakula kidogo lakini anakula, na mvua imeikubali chai.

Pole tena kwa kumpoteza Baba. Tulimzika vizuri, watu wakajaa boma mpaka kwenye migomba. Jina lako lilisomwa pamoja na majina ya ndugu zako, kwa nafasi yako ya kuzaliwa.

Sasa niingie kwenye lile. Kaka yako Onsongo aliponipa habari za simu yako, niliacha kupika. Ulimwambia, "Kutia disketi ni kazi ya sekunde moja. Mokeira alishindwa na nini?" Nitakujibu, na nitakujibu kwa Kiswahili, maana kwa Ekegusii siwezi kumwandikia shemeji mambo haya.

Kompyuta uliyotuma naishukuru. Nilianza kazi hii na taipureta kuukuu chini ya mwavuli, najua kupanda ngazi. Lakini ilikuja na waya mfupi, na soketi ya duka langu iko chini kabisa ukutani. Kwa hiyo kioo kiko mezani na sanduku lake liko sakafuni. Mlango wa disketi uko inchi sita juu ya saruji, nimeupima. Kuitia, unapiga magoti, unaingiza kichwa na mabega chini ya meza, unaisukuma kwa kidole gumba mpaka usikie imeshika. Kuitoa ni kwa koleo, kwa sababu kitufe kilivunjika. Sehemu ya mwili inayobaki nje unaijua, na benchi la wateja liko nyuma yangu.

Siwezi kuiacha humo. Ikilala ndani, asubuhi mashine haiwaki. Na tumbo la mashine limejaa, halipokei hata barua moja. Kila ninachopiga lazima kiende kwenye disketi, kisha niipeleke Kisii mjini kwa Vasant, ndiye mwenye printa. Wanaume wakiwa kwenye benchi namwita Sheila, fundi wa nguo wa mlango wa pili. Yeye hajali. Huinama akicheka, "Mokeira, hii si kompyuta, ni kanisa. Nimepiga magoti Jumamosi ya Sabato, na Jumanne unanirudisha!"

Siku ile Baba alikuja bila kutuma habari. Akakaa mwisho wa benchi, mbali nami inavyofaa. "Mama Ochoki," akasema, "yule wa Amerika hawezi tena kusoma mwandiko wangu. Piga wewe, umtumie." Nikawasha mashine, nikampa disketi mpya aandike jina lako juu yake. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka tangu ule ugonjwa, akachukua muda. Kisha akaanza kusema, nami nikapiga.

Sheila alikuwa ameenda soko la Nyamache. Ukurasa ulipojaa nikamwambia, "Baba, ungetoka kidogo unywe chai hapo ng'ambo."

"Chai nimekunywa."

"Basi upunge upepo."

"Upepo nimekuja nao. Kwani unanifukuza?"

Ningemwambia nini? Labda huko umesahau chinsoni zetu, ile miiko ya heshima kwa wakwe. Hapa mke wa mwana hata mguu hanyoshi mbele ya baba mkwe wake, sembuse kumwinamia kwa nyuma. Na sababu yenyewe huwezi kuitamka, maana kuitamka ni aibu ile ile. Nikasema, "Endelea, Baba," huku nikiomba mwanamke yeyote aingie, hata wa kuuza mayai. Hakuingia mtu. Stima ikapotea.

"Imekwenda?" akauliza.

"Imekwenda, Baba. Yote."

Akacheka. "Kichwa changu hakitumii stima. Nitarudi wiki ijayo."

Hakurudi. Alianguka akichuma chai, na hakuamka.

Matangani shangazi yenu Mong'ina alisimama karibu na sufuria akasema, "Mashine ya Mokeira imemeza maneno ya mzee." Watu wakacheka, nami nikiosha sahani zao. Wake wote wa boma lile wanajua kwa nini sikuinama, na kila mmoja angekaa kama nilivyokaa. Hakuna aliyefungua mdomo. Na Onsongo, mume wangu, niliyemwomba rafu na waya mrefu tangu Machi, alitazama chini. Wiki baada ya mazishi akapigilia rafu na kuleta waya. Sasa disketi inaingia nikiwa nimeketi kwenye kiti changu. Ubao mmoja tu, shemeji, misumari sita na waya.

Unataka kujua alisema nini. Mtu anayepiga chapa hasikilizi, vidole ndivyo vinavyosikia. Nimekaa mbele ya mashine nikavingoja vikumbuke. Kilichobaki ni hiki. Alisema kwamba siku uliyoondoka, baada ya ule ugomvi wa ng'ombe uliyemuuza upate nauli, ulidhani amejifungia ndani. Hakuwa ndani. Alisimama kwenye mpaka wa shamba la chai akakuona ukipita na koti la Onsongo, mikono imekuzidi. Akasema, "Nilitaka kumwita arudi nimkunjie ile mikono."

Mengine sikuyashika. Yalikuwa zaidi ya ukurasa, na sitakutungia.

Mama anakusalimu sana. Ochoki anauliza kama theluji inalika. Sheila naye anakusalimu, na Vasant ametoa pole. Mungu akulinde huko, akupe siku ya kulifikia kaburi hili kwa miguu yako.

Disketi iko humu, katikati ya kadi mbili isipasuke. Usiitie kwenye mashine yako, hata kama ni kazi ya sekunde moja. Ndani hakuna kitu. Igeuze usome juu. Ile A ya kwanza aliirudia mkono ulipoteleza, na bado alikataa nimwandikie.

Mimi shemeji yako, niliyekukasirikia na ninayekupenda,

Mokeira