Siku ya Kwanza ya Nyota Katika Kazi ya Kutafuta Nyumba

Muji wa Baraka, Jumatano. Jua lilichoma siku nzima, sasa usiku mvua njo inaanza.

Batoto bamekula, bananyamaza. Mimi moyo hautulii, njo maana nimeshika telefone niandike.

Leo sisi bakomisioneri tulipokea mwenzetu mupya. Komisioneri ni muntu anayetafutia bengine nyumba ya kupanga ao parseli, ni kusema kiwanja, ya kununua. Anaitwa Nyota. Alishuka kutoka Lubondja kule milimani na batoto wake na sufuria moja, baada ya masasi ya bunduki kulia kijijini na kila muntu kushika njia yake. Analala kwenye shule, katika darasa la masomo pamoja na bengine baliokimbia. Kama kazi inamupokea, atapata chumba chake.

Tulimukaribisha vile tunakaribishaga bapya: bukari, ugali wetu, na samaki ndagala, sahani moja, kila mumoja anamuelezea namna aliingia hii kazi.

Mimi nilimuambia ukweli. Hakuna aliyenifundisha, hata masomo niliacha nikiwa ningali mudogo. Nilikimbia kutoka Kilembwe na batoto, nikagonga milango ya Baraka nikitafuta chumba. Bengi balinikatalia. Lakini katika kugonga nikajua nyumba gani inavuja, mwenye nyumba gani ni mukali, kisima cha nani kinakauka mapema. Kisha bantu bakaanza kuniuliza mimi.

Kukosa nyumba njo kulinifundisha nyumba.

Ila kuna kitu kinaniumiza. Masasi ikilia kule milimani, sisi tunapata bateja. Naomba Mungu alete amani, na palepale macho yangu yanatafuta nani anashuka na godoro kichwani. Namulisha mutoto wangu sababu mutoto wa mwingine amekosa pa kulala. Sijui Mungu anasikiaga sala gani kati ya hizo.

Tulimufundisha Nyota sheria yetu pia. Kabla ya kuonyesha nyumba, unauliza kama kuna kaburi katika parseli. Wakati wa vita njia ya kwenda makaburini ilikuwa haipitiki, bantu balizika ndugu zao nyuma ya nyumba. Nyota aliitika kwa kichwa tu.

Mchana akafika mama mumoja aliyetoka kijiji cha Swima, mufanyabiashara, anataka nyumba ya kununua. Nikamuachia Nyota aongoze, mi nikafuata nyuma. Mwenye nyumba alitungojea na funguo, muzee aliyerudi kutoka kambi ya bakimbizi kule Tanzania. Nyota akamuuliza vizuri, kwa heshima:

“Baba, katika hii parseli hakuna kaburi?”

“Hakuna, binti yangu. Mi mwenyewe nilijenga hapa. Sikuzika muntu.”

Na hakusema uongo.

Mama wa Swima alipenda nyumba, ila choo kilikuwa kimejaa, akauliza kipya kitachimbwa wapi. Nyota ni mulimaji. Akapita nyuma, akakanyaga-kanyaga udongo, akapata mahali palipolainika. Akaomba jembe kwa muzee.

“Mama, hapa hata mumeo mwenye kitambi ataweza kuchimba.”

Tukacheka. Akapiga jembe mara moja, ya kuonyesha tu.

Upande wa pili wa uzio, jirani mumoja, Mama Asha, alikuwa anageuza ndagala zake juani. Hakupaza sauti.

“We mama, weka hiyo jembe chini. Unamupiga mutoto.”

Akatuelezea. Muzee alipokuwa ng’ambo, familia moja iliyokimbia milima iliingia katika nyumba hii tupu. Mutoto wao akafa na homa. Mama Asha mwenyewe alisaidia kumuosha, bakamuzika pale. Kisha vita ikabafukuza tena, na hakuna anayejua baliishia wapi.

Njo kosa letu. Tulimuuliza aliyekimbia, kumbe aliyebaki njo anajua.

Mama wa Swima alikaza kitenge chake. “Munitafutie pengine. Hapa sitapata usingizi.” Akaenda zake. Muzee alikaa kwenye kizingiti, mikono juu ya magoti. “Na mi nilipanda muhogo pale,” akasema. “Tukakula.”

Nyota alirudisha udongo kwa mikono, polepole, akausawazisha kama anamufunika muntu blanketi. Nilifikiri anaogopa tutamufukuza. Nikachuchumaa karibu naye.

“Dada, usiogope. Sisi wote tulishakosea kabla yako. Kesho unarudi kazini.”

Hakuwa ananisikia.

“Mama Riziki,” akaniambia, “nyumba yangu ya Lubondja, siku muntu mwingine akiingia, atamuuliza nani? Sisi tulikimbia wote, na bajirani wote.”

Mutoto wake wa mwisho amezikwa kule, nyuma ya jiko. Mimi sikujua. Asubuhi tulikula sahani moja, kila mumoja akaeleza ya kwake, na yeye alikuwa anatafuna tu na kutuangalia.

Nikamushika mukono, tukainuka.

Tulirudi pamoja. Karibu na ile shule njo nikapata wazo, sijui kama ni wazo zuri. Kuna bamama banaorudigi Lubondja kuchimba muhogo wao siku masasi imenyamaza. Kesho asubuhi tutaenda kusimama pale banashukia kutoka milimani, tutafute mumoja mwenye moyo. Nyota atamuelekeza mahali, amuombe aweke mawe juu ya kaburi, abaambie na bengine, ili kule kuwe hata muntu mumoja wa kuulizwa.

Naogopa. Njia inaweza kufungwa. Huyo mama anaweza kwenda na asirudi, na mi njo nitakuwa nimemutuma. Nimejigeuza na hili wazo jioni nzima, kila upande linachoma.

Lakini nitasimama pale na Nyota, hata kutwa nzima. Bateja banaweza kungoja.