Wingu la Njano Ukutani kwa Baba Mkwe

Mama Faidha mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana nimebanwa kila upande na wa kumwambia sina.

Mimi ni mpiga picha hapa Masasi mjini, kazi yangu ni harusi, vipaimara na paspoti saizi, lakini moyo wangu uko juu, napenda kupiga picha za nebula, yale mawingu ya gesi yanayong'aa katikati ya nyota, ambayo kwa macho huyaoni ila ukiiacha kamera ikitazama angani kwa muda mrefu yanajitokeza na rangi zake, na nikiyaona nasahau hata kula. Mchumba wangu Erasto ananielewa, shida ilikuwa baba yake, Mzee Gideoni wa Lulindi, alikataa katakata, akasema, "Mwanamke gani huyu, wenzake wamelala yeye anaviziana na nyota? Huyo mwanangu atapikiwa na nani?" Nililia sana.

Basi mwanzoni mwa mwezi wa saba nikaenda shambani kwa mama, linapakana na la Mzee Gideoni, nikatega kamera kwenye stendi yake ikawa inapiga yenyewe, nikajifunika shuka, usingizi ukanipitia, na kwa mbali nasikia mashine ya kupulizia salfa, si unajua msimu ule mikorosho inataka dawa na kila mtu anapuliza alfajiri kabla upepo haujaamka. Kulipokucha nikakuta picha moja ina wingu la njano linang'aa, limezizunguka nyota za mkia wa Nge, lile kundi la nyota lenye umbo la nge, zuri ajabu. Erasto akaja kunisaidia kubeba vyombo, nywele na kope zimejaa salfa, akaitazama kwenye kamera, akacheka, akasema, "Hii mpelekee mzee." Nikaichapisha kubwa nikaitia fremu, nikampelekea nikimwambia ni nebula. Mzee akaitundika sebuleni juu ya redio, akaita majirani, na wiki ile ile akamtuma mshenga kwa mama. Nami kwa furaha nikaropoka kwamba nyingine nitamletea ya shimo jeusi.

Mama, juzi nilipata kazi ya harusi Newala, nikalala huko, nikaipiga tena sehemu ile ile ya anga, nikapata nebula moja nyekundu, ndogo kama ukucha, lakini wingu langu la njano halipo! Nebula haihami, mama. Nikaikuza ile picha ya kwanza nikaona chembechembe, na pembeni mwanga wa kurunzi ya mtu. Ni salfa! Nimemtundikia baba mkwe salfa ya shambani kwake mwenyewe! Na Jumapili baada ya misa amemwalika Padri na wanafunzi wa sekondari waje kuiona, mimi ndiye wa kuwaeleza. Nikisema kweli mzee ataaibika mbele ya watu na ndoa itavunjika, nikinyamaza nitawadanganya watoto wa watu. Erasto sijamwambia, naogopa ataniona mjinga. Nifanyeje?

Mabel, Masasi

MAMA FAIDHA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu Mabel. Nimeicheka barua yako mpaka fundi mitambo wa hapa redioni akachungulia dirisha la studio kuona nimepatwa na nini. Pole sana. Nimecheka, lakini nakuonea huruma, maana unampenda huyo kijana na unaogopa kumkosa.

Sasa nikugombeze kidogo. Mtoto wa Masasi, umekulia kwenye mikorosho, unakwenda kupiga picha za nyota msimu wa salfa bila kumuuliza jirani anapuliza lini, kisha unalala! Ulitegemea nini? Na hilo shimo jeusi nani alikutuma? Halitoi mwanga. Waliopata picha yake waliunganisha mitambo mikubwa ya nchi nyingi ikawa kama jicho moja. Wewe una kamera na shuka. Mkwe haahidiwi vitu vya namna hiyo, hasa mkwe aliyekukubali juzi.

Halafu isome tena barua yako. Nani alikuja asubuhi kope zimejaa salfa? Kurunzi ilikuwa ya nani? Nani aliitazama picha akacheka? Mwanangu, unamficha Erasto jambo ambalo amelijua tangu asubuhi ile! Alinyamaza kwa sababu aliona njia ya kukupata, na kwa hilo nampenda. Ila kukuacha uhangaike peke yako na Padri yuko njiani, hapo simwachii. Erasto, kama unanisikiliza, zima redio umfuate mwenzako sasa hivi.

Fanyeni hivi. Jumamosi alasiri nendeni Lulindi wote wawili, mshenga atangulie. Mzee ajue akiwa sebuleni kwake, na nyie tu, asije akaipata habari mbele ya wageni. Erasto aseme kwanza, kwa sababu mashine aliishika yeye. Chukueni na ile nyekundu ya Newala, hata kama ni ndogo, muitundike pembeni. Jumapili wanafunzi waonyesheni zote mbili na muwaambie ulivyogundua, kwamba moja ilibaki mahali pake na nyingine ilikwenda na upepo. Watajifunza zaidi kuliko kama ungewapa moja ya uongo. Mzee naye mpe heshima ya kuwaeleza habari za salfa, mtaona kama atataka kunyamaza. Shimo jeusi liombee radhi siku hiyo hiyo, usiliweke kiporo.

Atanuna? Huenda. Mwacheni anune, mkae hapo hapo mpaka chai ipoe.

Na ile ya njano msiiondoe ukutani. Mikorosho ni ya mzee, aliyepuliza ni mwanawe, uliyepiga ni wewe, na shamba ulilolalia ni la mama yako. Mwambie hivyo, Mabel, taratibu, ukiwa umepiga goti. Hiyo ndiyo picha yenu ya kwanza ya familia.