Kiboko Aliyebaki Majini

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, goti limepunguza maumivu, na ile dawa ya kuchua hujaigawa yote kwa majirani kama kawaida yako. Mimi ni mzima wa mwili. Mdogo wangu aliniambia kwenye simu kwamba sasa unakula kidogo na umeanza tena kubishana na redio wakati wa taarifa ya habari. Nilishukuru, maana najua ukinyamaza ndipo mambo yameharibika.

Aliniambia pia kwamba mwisho wa mwezi unafunga safari kuja huku, si kuniona mimi tu bali kumkabili bosi wangu ana kwa ana, umuulize ni binadamu wa aina gani anayemnyima mtu ruhusa ya kwenda kumzika baba yake. Miezi minane umelibeba hilo moyoni. Mama, nakuomba usikate tiketi kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho. Kwenye simu nimeshindwa. Nikisikia sauti yako maneno yananikauka. Kwa kalamu naweza kwenda polepole.

Nianze na kazi, maana ndiyo iliyonifikisha hapa. Wewe humtazama Chubwi, yule kiboko wetu wa katuni, kila Jumamosi pamoja na wajukuu wa jirani, lakini sijawahi kukusimulia alivyozaliwa. Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la misumari na rangi za nyumba. Tuko watano. Bosi tunamwita Kifutio, kwa kuwa huwezi kumwonyesha mchoro asifute kitu. Kuna mchoraji mwenzake, mwandishi wa hadithi, dada anayetoa sauti, na mimi mpakaji wa rangi.

Katuni hii ya wanyama wa bwawani ilipoanza, kazi ilikuwa nyingi kuliko mikono. Kuchora mdomo unaosema ni shughuli, kila neno linataka midomo yake. Kifutio akasema basi kiboko akae majini, tuchore macho mawili na masikio mawili, yanatosha. Aibu ya Chubwi ilianzia hapo, kwenye uvivu wetu. Na kwa kuwa hakuwa na mdomo, mwandishi akamweka ndege mweupe kichwani pake awe anamsemea. Chubwi anasema maji ya leo ni baridi. Chubwi anasema hachezi, asanteni. Watoto wakampenda huyo asiyeonekana kuliko wote wanaoruka ruka ukingoni.

Mimi nilipaka maji. Ofisini hawakuijua vizuri sauti yangu. Mwaka wa kwanza, nikitaka kitu nilikiandika kwenye kikaratasi nikakibandika kwenye kompyuta ya Kifutio. Dada wa sauti alikuwa akinitania kwamba yeye analipwa kwa kusema, mimi lazima nalipwa kwa kunyamaza, na kwa bidii hiyo nilistahili kupandishwa cheo.

Nilipomwona yule ndege mara ya kwanza nilicheka peke yangu, nikamkumbuka Baba. Unakumbuka dukani, Baba akimwambia muuzaji, binti yangu anasema anataka sukari nusu kilo, nami nimesimama papo hapo, miaka kumi na minne, nimeshika shati lake. Na siku ile hospitalini, daktari aliponiuliza panaponiuma, Baba akajibu chini ya mbavu, upande wa kushoto. Daktari akamuuliza kati yetu mgonjwa ni nani. Na kweli, Mama, palikuwa hapo hapo. Nilikuwa sijamwambia. Kwa ufundi wake wa viatu, mikono ya Baba ilizoea viatu vya watu na macho yake pia. Nikitoka shule alikuwa akigeuza soli zangu tu, anajua nimepita tena njia ya nyuma, yenye tope jekundu, ili nisikutane na wenzangu. Hakunigombeza hata siku moja. Alichukua brashi akasafisha.

Chubwi akawa anapanda kidogo kidogo. Sehemu ya nne tulichora pua. Sehemu ya saba alisema neno lake la kwanza, samahani, likatoka na mapovu. Sehemu ya kumi ndege alikuwa ameenda kuoga, akaja mtoto wa bata aliyepotea njia, na Chubwi akatoa shingo nzima akamwelekeza kwao. Mwalimu mmoja akatuandikia kwamba darasani kwake kuna mtoto asiyejibu swali kamwe, na Jumatatu hiyo alinyoosha mkono mpaka usawa wa sikio, akasema leo amefika hapo tu. Kifutio aliisoma barua hiyo mara tatu, kisha akajifanya kutafuta miwani yake.

Baba alikufa tukiwa kwenye sehemu ya kumi na moja.

Mwandishi alipoleta hadithi ya mwisho, tulikaa sote mezani. Ndege amekufa kwa uzee. Wanyama wote wamekusanyika kumuaga. Chubwi anatoka majini, anapanda juu ya jiwe na kutoa hotuba ndefu nzuri, mpaka mamba analia. Wote walifurahi. Kifutio akauliza kama kuna mwenye neno, huku anakunja karatasi, kwa sababu huwa hakuna. Nikasema si kweli. Waligeuka kutazama mlangoni, walidhani kuna mtu ameingia.

Nikasema Chubwi asingepanda jiweni. Angebaki chini. Angesikia anaitwa mara mbili, na angengoja mpaka wote waondoke. Kifutio akaniuliza, kwa upole tu, nimejuaje. Hapo nikawaambia, watu baki, kabla yako wewe mama yangu mzazi. Nisamehe kwa hilo nalo.

Mama, Kifutio hakuninyima ruhusa. Alinipa siku saba na akanisindikiza mwenyewe mpaka kituo cha basi, kanibebea begi. Siku ya mazishi nilikuwepo.

Nilifika watu wameshakaa. Ulikuwa umeniagiza, kama kifungua mimba, niandike historia ya Baba na niisome mbele ya watu. Ukurasa wa kwanza nilikuwa nimeupiga picha na kumtumia mdogo wangu, ahakikishe miaka. Wa pili niliumalizia kwenye basi, nikautia kwenye begi. Nilipoona ule umati miguu ikakataa. Nikasimama nyuma ya lori lililoleta viti, nikashika chuma cha nyuma, nikajiambia nitahesabu hadi kumi kisha nitoke. Nikasikia naitwa. Nikaitwa tena. Nilikuona kupitia uwazi wa mbao unageuza shingo kunitafuta, na kitambaa chako kimeteleza begani.

Kisha mdogo wangu akasimama, akakohoa, akasoma kutoka kwenye simu ule ukurasa mmoja alionao. Akafika pale Baba alipofungua kibanda chake cha viatu na tukazaliwa sisi wawili. Hapo ukurasa ukaisha. Akasema mengine mnayajua wenyewe, akakaa. Miaka thelathini ya Baba, Mama, ilikuwa kwenye begi langu, hatua ishirini kutoka kwenye jeneza lake. Nilisikia udongo wa kwanza ukianguka. Nikatembea mpaka barabarani, nikarudi huku.

Jioni uliponipigia nilisema tu, kazini, Mama. Sikuwa nimemaliza. Wewe ukamalizia kwamba wameninyima ruhusa, ukaanza kulia na kumlaani bosi asiye na moyo, ukambatiza jina la Jiwe, nami nikakuacha uamini hivyo. Shangazi akaamini, majirani wakaamini. Sikuitunga mimi ile habari, lakini niliitumia, na kila ulipoirudia ilizidi kuniwia nyepesi. Hilo ndilo linalonitia aibu zaidi.

Nilipowasimulia hayo yote pale mezani, Kifutio hakukasirika. Aliuliza tu kama ni kweli huko nyumbani mnamwita Jiwe. Nilipotikisa kichwa kukubali, alichukua ile hotuba akaifuta yote. Sasa sehemu ya mwisho iko hivi: Chubwi anabaki majini, wanyama wanaaga na kuondoka. Kesho yake anatoka mzima mzima. Kuchora miguu yake kulituchukua wiki mbili, maana hakuna kati yetu aliyewahi kujiuliza ikoje. Anatembea mpaka kwenye kiota cha mjane wa yule ndege, anasimama chini ya tawi na kusema alikuwepo. Itaonyeshwa Jumamosi hii. Sikutaka umsikie yeye akisema kabla mimi sijasema.

Nitakuja Ijumaa kwa basi la asubuhi, na ukurasa wa pili ninao. Nakuomba umwite shangazi, mdogo wangu, na wote uliowasimulia ubaya wa Kifutio. Nitawaambia kwanza nilikuwa nimesimama wapi, kisha nitasoma. Ukiona huwezi kunikaribisha ndani, nitasomea uani, nami sitakulaumu. Ila nakuomba kitu kimoja. Nikikwama katikati, na najua nitakwama, usinimalizie. Ningoje tu, hata ikichukua muda mrefu mpaka watu waone haya.

Nisalimie mdogo wangu na mkewe, mwambie sina la kumlaumu, alisoma vizuri sana. Msalimie shangazi, na wajukuu wa jirani mmoja mmoja. Kifutio anakuamkia kwa heshima zote, anasema ukitaka kuja kumgombeza bado mlango uko wazi na chai atapika mwenyewe. Mungu akulinde mpaka tutakapoonana.

Ni mimi, mwanao,
kifungua mimba wako.