Yule Mama Mwenye Mkuki

Magesa,

Umeniachia kazi mbaya wewe. Tangu tukuzike pale Butiama watu wananitazama kwa jicho la pembeni, na mimi nawatazama hivyohivyo. Sikumwamini mtu, hata wale waliolia sana. Najua ungesema nini: "Nyangeta, wewe hata kuku akikusogelea unauliza katumwa na nani." Sawa. Lakini safari hii nilikuwa na sababu.

Kifo chako kimesemwa, rafiki yangu. Mwalimu kijana, mzima kabisa, anatoka Bunda Ijumaa kwenda kumwona mama yake, homa inampanda, Jumatatu hatunaye. Daktari alisema malaria ilipanda kichwani. Nani alimsikiliza daktari? Walichosikia wao ni kwamba mama yako alikuchemshia mwarobaini na kukupa uji kabla ya kutafuta gari la kukupeleka hospitali. "Alimpa nini?" Swali hilo lilizunguka msibani kuliko sinia la chakula. Mama yako alikaa kwenye mkeka wake, na wanawake waliokuja kumfariji walikaa mbali kidogo naye. Niliona.

Halafu baba yako mdogo akaenda Bunda kufungasha chumba chako. Akarudi na godoro, nguo, redio, na lile boksi la manga, vile vitabu vya katuni za Kijapani vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza.

Ile manga yetu ya vita, ya watu wazima tu, yenye onyo kwenye jalada ambalo ulikuwaga unalisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira! Tuliichambua kitabu kwa kitabu kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni, wewe unasifu, mimi nashuku. Wafalme wa zamani, majemadari waliouza vivuli vyao kwa shetani wa mlimani, vichwa vinaruka kila baada ya kurasa mbili. Nilikuwaga nakwambia huyu mchoraji anapenda damu mno, mtu anayechora utumbo kwa uangalifu namna ile simwamini. Na wewe, mwalimu wa Historia, unanijibu, "Shetani ni wa kubuni, lakini angalia kodi, angalia njaa, hayo ni ya kweli. Subiri, anatupeleka mahali." Nikakwambia kila mwenye panga ana mahali anakokupeleka. Ukacheka hadi soda ikakutoka puani, hapo kwenye duka langu la stationery Iringo, Musoma, mteja kasimama anasubiri fotokopi yake.

Sasa sikia. Baba mdogo hasomi Kiingereza, lakini kitabu cha sita kina zile kurasa zisizo na neno hata moja. Picha tupu kila mtu anazisoma. Akakifungua kama anavyofungua Biblia, kuanzia kushoto. Nani angemwambia kwamba Wajapani wanaanzia kulia? Akaona mwanamke kasimama na mkuki unaochuruzika damu, watu wamemzunguka. Akafunua. Mtoto kalala mapajani mwa yule mwanamke. Akafunua tena. Mkuki uko kifuani mwa mtoto, na mikono ya mama imeushika. Mwisho kabisa, askari juu ya farasi anakuja mbio, mkono kaunyoosha, kama mtu aliyechelewa kuokoa.

Akakizungusha kwa ndugu, nyumba kwa nyumba. "Kijana alikuwa anajua," anawaambia. "Ametuachia ushahidi." Wengine wakasema ni vitabu vya freemason, vichomwe moto leoleo. Yeye akakataa. Alitaka ukoo wote ukione kwanza siku ya kuanua tanga, ndipo kichomwe, na mama yako afungashe arudi kwao. Umenisikia, Magesa? Arudi kwao, baada ya kukuzaa na kukuzika.

Mama yako akanipigia simu. "Mwanangu, wewe ulivisoma naye vitabu hivyo. Njoo uwaambie hicho kitabu kinasema nini. Mimi sijui kama kitaniokoa au kitanimaliza." Njia nzima kutoka Musoma niliwashuku wote, na kitabu chenyewe nikakishuku. Je, kama nimesahau? Kama kuna ukurasa ambao kweli yule mama anafanya jambo baya? Mchoraji yule, naye, asingeshindwa.

Siku ya kuanua tanga vitu vyako vilitandazwa uani, kila mtu avione kabla ya kugawana. Yakaenda mashati, ikaenda redio, boksi likaletwa mwisho, na juu yake kiberiti. Kiberiti, Magesa! Nikaomba ruhusa kwa wazee, nikachuchumaa karibu na mama yako, nikakigeuza kile kitabu na kuanzia kulia, kama tulivyozoea mimi na wewe.

Farasi anakimbia, mkono wa askari umenyooka, mkuki umeshamtoka. Mtoto anaanguka. Mama anatoka mbio kwenye moshi, anaushika mkuki kwa mikono miwili, anauchomoa. Mtoto anakufa mapajani mwake. Anainuka, mkuki bado uko mkononi, ndipo majirani wanafika.

Bibi yako ndiye aliyeguta wa kwanza. "Yoo! Kumbe alikuwa anauchomoa!"

Baba mdogo akaninyang'anya kitabu. "Nani duniani anaanza kitabu mwishoni? Tutajuaje kama huyu binti hajakigeuza makusudi, amtetee mwanamke mwenzake?" Wewe ungecheka. Mimi nilimwekea kidole pembeni mwa ukurasa. Nikamwambia, "Baba mdogo, namba za kurasa sikuziandika mimi." Akazifuata kwa kidole, moja baada ya nyingine, midomo inacheza. Hakusema amekosea, hilo usahau. Alitia kiberiti mfukoni, akasema jua linakwenda, watu waanze kula. Mkubwa wa ukoo akatamka kwamba mama wa marehemu haendi popote, na hakuna aliyebisha.

Lakini bado simwamini baba yako mdogo. Siku hizi anamsalimia mama yako kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake, na upole wa ghafla unanitisha. Wale wanawake nao wamesogea karibu, wanacheka naye, wanakula michembe yake, vile viazi vyake vikavu. Nimewaangalia vizuri. Uji wake bado hawanywi.

Jioni ya siku ile ya tanga mama yako aliniita ndani. Alikuwa amekishika kitabu, upande sahihi. Akaniuliza, "Asingeuchomoa, mtoto angepona?"

Magesa, nilijua haulizi habari ya Wajapani. Nikamwambia, "Hapana, mama. Ulikuwa umeshaingia." Akalia. Tangu msiba sikuwa nimemwona akilia, na ndugu zako walikuwa wamemhesabia hilo pia. Nikamshika, tukalia wote, nikakulaani kidogo kwa kufa, unisamehe. Alipotulia akauliza tena, "Na hao majirani, walimwamini?"

Jibu liko kitabu cha saba, na hakijafika. Ningeweza kumwambia ndiyo, walimwamini, maana nani angeniumbua? Nikashindwa. Nilimwambia sijui.

Kwa hiyo uchambuzi wangu wa kitabu cha sita ndio huu, uuchukue uende nao: zile kurasa za kimya namwamini mchoraji, zilizobaki bado namshuku. Na ahadi yangu ni hii. Cha saba kikifika nitakipeleka Butiama mwenyewe, nitakaa na mama yako kwenye mkeka wake, ninywe uji wake mbele za watu, tuanzie kulia. Kama majirani walimwamini, nitamsomea. Kama walimfukuza, nitamsomea hivyohivyo, maana ameshadanganywa vya kutosha.

Lala, ndugu yangu. Nimekukumbuka mpaka nakasirika. Mama yako yuko nyumbani kwake.

Nyangeta