Mkono Unaokimbia Mbele ya Jicho

Etterbeek, Jumapili baada ya misa

Papa wangu mpendwa,

Salamu hizi zipokee ukiwa umeketi, tafadhali, usizisome umesimama mlangoni na kofia kichwani kama ulivyozoea. Magoti yanasemaje? Maman bado anakuficha chumvi? Mimi ni mzima. Baridi imeanza kulegea, watu wa hapa wamefungua madirisha kidogo, na jirani wa juu amerudia tabia yake ya kukung'uta mazulia juu ya nguo zangu. Kazi ipo. Bado nahudumia wazee kule Ganshoren, upande wa pili kabisa wa mji, kwa hiyo kila asubuhi navuka Brussels yote nikiwa nimesimama, hata viti vikiwa vitupu. Unajua nimeyatoa kwa nani hayo.

Sasa tuje kwenye hasira yako. Kadi ya simu iliisha ukiwa katikati ya kunigombeza, lakini nilichosikia kinatosha. Tonton Célestin amekuambia kwamba binti yake ameniona kwenye metro nimebeba upinde. Ukaniuliza nimeingia dini gani. Ukaniuliza kama masista walinisomesha ili nije kurusha mishale na Wazungu porini. Ukasema niache. Nami nikakujibu, "Ndiyo Papa, nimeshaacha," kabla hujamaliza hata sentensi. Jibu lile lilinichomoka. Tangu siku hiyo sijatulia, nalala na kuamka nalo, na barua hii nimeiandika ili nilirudishe.

Sikuacha, Papa. Nisikilize kwanza.

Aliyenipeleka ni mzee mmoja, Papa Armand. Nilikuwa kwenye tramu naongea na dada Régine kwa simu, naongea kwa sauti kama mtu wa sokoni, mara Mzungu mwenye koti la kijani akageuka.

"Weye ni wa Jadotville," akasema. "Minasikia mu sauti."

Nusura niangushe simu. Nikamwambia, "Papa, Jadotville ilikufa zamani. Sasa njo Likasi."

"Eh, pole," akasema. "Kwangu banasahau kuniambia."

Alikuwa freri, akifundisha useremala kwetu wewe ukiwa bado kijana. Alirudi huku, akaacha utawa, akaoa, mke akafariki. Siku hizi anakaa Auderghem, karibu na msitu, na anachonga pinde za mti. Tukashuka kituo kimoja huku bado tunaongea. "Dimanche kuya," akaniambia. "Utaona kitu."

Jumapili nikaenda, na kitu chenyewe ni hiki. Wana uwanja, na katikati ya uwanja pamesimikwa mlingoti mrefu kuliko mnara wa kanisa letu. Juu kabisa kuna matawi ya chuma, na kwenye matawi wamechomeka ndege wa manyoya. Si ndege hai, mwambie Maman asiogope. Unasimama chini, unaelekeza upinde mbinguni, unajaribu kumwangusha mmoja. Mishale haina ncha, ina kichwa butu kama kizibo. Kila mwaka, majira haya ya kuchipua, wanashindania ndege wa juu kabisa, na atakayemwangusha anaitwa mfalme hadi mwaka unaofuata. Anavishwa mkufu wa fedha, kisha anawanunulia wote bia. Ndiyo dini yenyewe hiyo.

Siku ya kwanza walinizunguka. Bibi mmoja akaniuliza kwa upole kabisa kama kwetu tunawinda hivi. Nikamwambia baba yangu ameendesha treni maisha yake yote, na mnyama pekee aliyewahi kumgonga ni mbuzi wa padri. Hawakunisadiki. Nilipopiga shabaha vizuri siku ile ile, wakatikisa vichwa wakisema iko kwenye damu. Damu ya reli!

Lakini Papa, nilipenda. Nikuambie wazi, maana kwa simu sitaweza. Mchana kutwa nafua, nalisha, nageuza miili ya watu, naambiwa Clémence hapa, Clémence pale, na nikirudi nyumbani kichwa kinaendelea kukimbia: nyinyi huko, umeme umekatika, dawa za Maman, makaratasi yangu. Ule muda mfupi ambapo kamba imefika shavuni na jicho limemkamata ndege, kila kitu kilinyamaza. Sijawahi kunyamaza namna ile popote, hata kanisani.

Basi, ndicho nilichopokonywa.

Ilianza wakati wa baridi, tulipokuwa tunafanya mazoezi ndani. Nilikuwa nainua upinde, na kabla jicho halijafika kwenye shabaha, vidole vinaachia. Mshale unakwenda chini, ukutani, popote. Najiambia mara hii nitangoja. Naona shabaha inakaribia, mwili mzima unapata kiherehere, pwaa! umeshatoka. Kadiri nilivyokaza ndivyo vidole vilivyokuwa vyepesi. Nikabadilisha glavu. Nikabadilisha kamba. Nikamlaumu shetani, nikalaumu kahawa.

Tuliporudi nje, mshale ulinitoka nikiwa bado naunyanyua upinde. Ukapiga bati la kibanda ambamo wanachama walikuwa wamejikinga na mvua, na Madame Odile, mkubwa wa chama, akajimwagia bia mapajani. Hakuna aliyeumia. Lakini hakuna aliyecheka pia. Madame Odile alinivuta pembeni.

"Clémence, tunakupenda sana hapa," akasema, "mais une flèche qui part toute seule, hilo hapana." Mshale unaojiondokea wenyewe, ndicho alichomaanisha. Alinipa hadi siku ya mfalme. Mkono ukikimbia tena siku ile mbele ya wote, mlingoti basi. Nitabaki kwenye baa ya chama kumimina kahawa. Papa, nahudumia watu juma zima. Kwenda kumimina kahawa na Jumapili pia kulinikata maini.

Papa Armand hakunipa pole. Alinipeleka kwenye rundo la nyasi kavu lililofungwa, akanisimamisha karibu nalo kiasi cha kuweza kuligusa. Hakuna shabaha.

"Funga macho," akasema. "Achia mushale, sikia mukono. Hapa banaita panique, mais ni bugonjwa tu. Mukono inakimbia mbele ya jicho."

Nikapiga mishale kwenye nyasi macho yamefungwa, Jumapili baada ya Jumapili, kama mjinga. Kisha akabandika karatasi ya shabaha, na hapo kukaja adhabu yenyewe: kuvuta, kulenga, kushika, halafu kurudisha. Kuachia ni marufuku. Unavuta kamba hadi shavuni, unaitazama shabaha hadi inakutazama, na unaishusha kamba polepole ilikotoka. "Rudisha," ananiambia. Nikiachia kwa bahati mbaya, ananitazama tu kama mtu aliyevunja sahani.

Nikachukua zoezi hadi nyumbani. Navuta kipande cha kamba jikoni, nikikazia macho swichi ya taa. Jirani wa ng'ambo aliniona dirishani nikilenga bila upinde, akanipungia mkono, sasa tunasalimiana. Halafu nikaanza kujiona mahali pengine. Kwenye metro nabonyeza kitufe cha mlango kabla haijasimama. Kazini namjazia bibi kijiko cha pili cha kwanza hajakimeza, hadi mmoja akanishika mkono: "Doucement, ma fille." Polepole, binti yangu. Watu wakizungumza nawamalizia sentensi. Nikakuona wewe, Papa, uliyekuwa unatuamsha kabla ya majogoo ili tusubiri treni ya mchana. Nikakuona unamega tonge la bukari ya moto, unaungua ulimi, na kesho yake unaungua tena. Nilicheka peke yangu kwenye metro, watu wakasogea kando.

Nikajilazimisha. Mlango wa metro, nasubiri. Kijiko, nasubiri. Mkono ukaanza kutii. Lakini Jumapili ya mwisho kabla ya siku ya mfalme, Madame Odile alikuja kusimama nyuma yangu kuangalia, na mishale yote ikanikimbia, mmoja baada ya mwingine. Niliingia kwenye baa, nikaketi, nikafungua kamba ya upinde. Nilikuwa nimeamua kumaliza. Na hapo, Papa, nilifikiri: basi angalau lile jibu nililompa Papa litakuwa kweli.

Papa Armand akaja kukaa mbele yangu. Baa ilikuwa imejaa. Unapaswa kujua kwamba mzee huyu ni heshima ya chama. Picha yake na mkufu wa mfalme iko ukutani. Kila mwaka yeye ndiye anayepaswa kufungua siku kwa mshale wa kwanza, na kila mwaka anampa mwingine, kwa sababu ya bega lake. Wote wanajua habari za bega. Wanamletea mafuta ya kuchua, wanambebea mfuko.

Akaongea bila kushusha sauti, akitabasamu kama anayesimulia habari za hali ya hewa.

"Clémence, mutoto yangu, bega yangu iko bien. Haina na kitu. Ile bugonjwa yako, miye njo iko nayo. Tangu muke yangu alikufa. Nikiinua upinde, mukono inakimbia. Sijaambia muntu hata moja. Bon. Sasa nimekuambia."

Bibi wa meza ya pili, aliyekuwa anatusikiliza kwa macho makunjufu, akasema, "Ah, jinsi lugha yenu ilivyo tamu!" Papa Armand akamwinamishia kichwa, akamshukuru.

Sikujua nifanye nini na uso wangu. Mzee wa watu, miaka yote ile anasuguliwa bega zima! Na alilisema mbele ya rafiki zake wote, kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja angeishika. Nikamwuliza, "Sasa papa, juu ya nini weye haufanye ile exercice?"

"Nani atanisemea rudisha?" akaniuliza.

Nikaifunga tena kamba ya upinde. Juma lile nilikuwa napita kwake Auderghem nikitoka kazini, tunasimama kwenye bustani yake mbele ya nyasi, mmoja anavuta, mwingine anasema.

Siku ya mfalme ilikuwa Jumapili iliyopita. Waliweka bendera, walivaa kofia zenye manyoya. Nilipoitwa, nilikwenda kusimama chini ya mlingoti. Nikainua, nikavuta, jicho likaanza kupanda mlingoti, na nikahisi vidole vinanyemelea kama kawaida yao. Nikarudisha. Nikashusha upinde mbele ya wote. Mtu akakohoa. Nikainua tena, na mara hii nikamfikia ndege, nikakaa naye. Nilikaa naye, Papa! Nikaachia nilipotaka mimi. Mshale ukapita kando ya mkia wake, manyoya yakatikisika, ndege akabaki pale pale. Madame Odile akaandika kwamba nimekosa, kisha akaniambia bila kuinua macho, "Tu restes." Unabaki. Mfalme amekuwa kijana mmoja fundi wa mabomba, na bia yake niliinywa kwa furaha.

Baada ya mfalme kuvishwa mkufu, Papa Armand akasimama na kuomba upinde. Watu wakamsihi afikirie bega. Akanitazama. Nikaenda kusimama nyuma yake.

Akavuta. Niliona vidole vyake vinaanza kulegea. "Rudisha, papa," nikasema, akarudisha. Akavuta tena, ikawa hivyo hivyo. "Rudisha." Mara ya tatu kamba ikafika shavuni, kidevu kikatulia, na mimi nikafunga mdomo wangu, jambo ambalo unajua halinijii kirahisi. Alishika. Akashika hadi mabega yangu mimi yakaanza kuuma. Halafu akaishusha kamba taratibu, bila kupiga, akanirudishia upinde.

"Leo inatosha," akasema. "Ilitaka kukimbia, minaikatalia."

Walimjia wote. Wakampa kiti, wakampangusa jasho, bibi yule akalia machozi kwa kumhurumia bega. Naye ameketi pale katikati yao anang'aa uso mzima, na katika uwanja ule wote ni mimi tu niliyejua kwamba mzee ameshinda.

Basi Papa, tumerudi kwenye swali lako, na sasa nalijibu nikiwa nimelishika hadi mwisho: sijaacha upinde, na siachi. Si uchawi, si dini mpya, na bado naenda misa. Ninauhitaji. Ukitaka kukasirika una haki.

Nisalimie Maman, mwambie sweta ya bluu nimeiona kwake kwenye picha na imempendeza. Salamu kwa dada Régine na mume wake fundi saa, kwa kaka Dieudonné na wanafunzi wake, kwa bibi mzaa mama, kwa mama mchungaji jirani yetu. Tonton Célestin msalimie pia, binti yake ana macho makali.

Najua ukifika hapa utakuwa umeshasimama, kofia kichwani, unatafuta nani ana kadi ya kunipigia, na maneno yamekujaa mdomoni. Ni yako, utayasema. Lakini kwanza rudi ukae, Papa. Vuta. Shika kidogo. Rudisha. Halafu nipigie, mimi nitakuacha umalize.

Binti yako,
Clémence